Orodha Ilisomwa, Hakuna Aliyeitika

Kwenu wakurugenzi wa miradi ya uchimbuaji, watafiti wakuu na watunza rejista za mifupa ya kale, mlio hapa kwenye Bonde la Ufa na mlio katika vyuo vya ng'ambo.

Mimi ni mzima, ila magoti.

Nianze na asubuhi moja, upande wa magharibi wa Ziwa Turkana, siku ya kwanza ya msimu. Lori lilikuwa limetufikisha usiku, tukalala chini ya turubai. Kulipokucha msimamizi alitoa orodha aite majina. Ilikuwa orodha ya mwaka uliotangulia. Hakuna aliyeona haja ya kuandika nyingine, maana kila mwaka tulichukuliwa walewale. Jina la kwanza likaitikiwa, la pili, la tatu. La nne lilikuwa la mtu tuliyemzika mwezi wa tatu. Msimamizi akadhani hakusikika, akaliita tena kwa sauti kubwa zaidi. Mpishi ndiye aliyejibu: "Huyo hayupo." Msimamizi akauliza kama amechelewa basi.

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana wa chuo, mwaka wake wa pili kambini. Alipoelezwa alishtuka, akavua kofia, akasema pole, na pole yake ilikuwa ya kweli. Kisha akatoa kalamu akapiga mstari juu ya lile jina, akaendelea na la tano. Nilikuwa nimesimama karibu, nikauona mstari wenyewe. Kwa mtu aliyewafanyia kazi misimu 16, hiyo ndiyo rambirambi pekee ya maandishi iliyowahi kutoka kwa mradi.

Nawaandikia kwa sababu ya mstari ule.

Kazi hii niliifanya misimu 27. Nilianza kwa kubeba karai, nikapanda kwenye chekecheke, nikaja kupewa mwiko na brashi, na miaka ya mwisho nikawa miongoni mwa wanaotembea. Wanaojua kambi wanajua kwamba hicho ndicho cheo. Mnatoka kabla jua halijapanda, kwa sababu jua la utosini huua vivuli, na bila kivuli mfupa hauinuki kwenye kokoto. Mnajipanga mstari, mikono nyuma, macho chini, mnakwenda polepole kama watu walioangusha sarafu. Mawe meusi yako maelfu, na moja kati yake si jiwe. Ukilishuku hulinyanyui. Unapiga magoti, unatazama lilivyolala, unaweka kirundo cha mawe kando, ndipo unaita. Vipande vidogo vilivyokwisha kung'oka tulivigusa kwa ncha ya ulimi: mfupa aghalabu hunata, jiwe halinati. Watoto wangu hawakuamini nilipowaambia kwamba mshahara uliowasomesha ulitokana na kulamba mawe.

Daktari wa mifupa ya kale akiwekewa mfupa mezani, umeoshwa, taa imewashwa, atakwambia ni wa mnyama gani, na namheshimu kwa hilo. Mwenzangu mmoja, aliyeishia darasa la nne, alikuwa akiutambua ukiwa bado umezikwa robo tatu, naye amesimama wima. "Kiboko," alikuwa akisema huku akipita. "Kiboko. Swala. Kiboko. Simama hapo."

Huyo ndiye aliyekuwa wa nne kwenye orodha.

Sasa tuzitazame namba zenu, kwa sababu namba pia ni maandishi, na maandishi huonyesha nani amekumbukwa. KNM-WT 15000: herufi tatu za kwanza ni za makumbusho ya taifa ya Kenya, WT ni Turkana Magharibi, na 15000 ni zamu yake kwenye rejista. Mifupa ya ng'ambo ya pili ya ziwa, kule Koobi Fora, ina ER badala ya WT, yaani Rudolf Mashariki. Rudolf alikuwa mwana wa mfalme wa Austria. Wasafiri waliolipachika ziwa jina lake mwaka 1888 walitaka kumfurahisha. Ziwa lenyewe limekwisha kulivua jina hilo tangu miaka ya 1970, nalo sasa ni Turkana. Lakini herufi ya mwana mfalme, ambaye hakufika pale wala hakuinama pale hata mara moja, bado imeandikwa kwa wino kwenye mifupa. Mimi ningekuwa na ubishi ningeuliza aliokota nini.

Na majina ya utani je? Fuvu la OH 24 liliokotwa na Peter Nzube huko Olduvai mwaka 1968. Lilikuwa limebanwa na mawe mpaka likawa bapa, basi likaitwa Twiggy, jina la mwanamitindo mwembamba wa Uingereza aliyekuwa akivuma wakati huo. Ni mzaha mzuri, hata sisi tulicheka. Lakini waulizeni wanafunzi wenu wangapi wanamjua Twiggy, halafu mwaulize wangapi wanamjua Nzube. Fuvu la 1470, lililofanya magazeti ya dunia nzima yaandike upya historia ya binadamu mwaka 1972, aliyeviona vipande vyake kwenye mteremko ni Bernard Ngeneo. Taya la LH 4, lililochaguliwa kuwa kielelezo rasmi cha Australopithecus afarensis, halikutoka Afar wala Ethiopia. Lilitoka Laetoli, Tanzania, na aliyelipata mwaka 1974 ni Maundu Muluila, Mkamba. Ndibo Mbuika ni miongoni mwa waliofunua zile nyayo za Laetoli mwaka 1978, za watu waliotembea juu ya majivu ya volkano miaka milioni tatu na nusu na ushei iliyopita. Nyayo za wale tunazo. Za Ndibo, aliyezunguka pembeni kwa uangalifu ili asiziharibu, tunazo wapi?

Nimetaja wale waliobahatika. Majina yao yameandikwa mahali fulani, hata kama ni kwa herufi ndogo.

Kila ninapofika hapa mtu huniambia: lakini Kamoya Kimeu anajulikana. Naam, anajulikana, na anastahili kuliko alivyopewa. Mwaka 2022 ulituondolea wawili, mtafiti Richard Leakey tarehe 2 Januari na Kamoya mwezi Julai. Mwaka 1985 Kamoya alivalishwa suti akapokea nishani ya National Geographic Society kutoka mkononi mwa Rais Reagan. Mwaka 2021, uzeeni, chuo kikuu cha Case Western Reserve kikamtunuku udaktari wa heshima. Wanyama wawili wa kale wa jamii ya nyani wameitwa kwa jina lake, mmoja Kamoyapithecus na mwingine Cercopithecoides kimeui. Na ni yeye ambaye Agosti 1984, siku ya mapumziko, badala ya kulala alitoka kutembea kwenye kijito cha Nariokotome akaona kipande cha paji la uso, kidogo kama kibiriti, cheusi kati ya kokoto nyeusi. Kutokana na kipande kile akachimbuliwa mvulana karibu mzima wa miaka milioni moja na nusu. Makala ya kwanza ya kitaalamu juu ya mifupa ile ilitoka mwaka uliofuata katika jarida la Nature. Ina waandishi wanne: Frank Brown, John Harris, Richard Leakey, Alan Walker. Kila anayesimulia ugunduzi ule humtaja Kamoya, sina ubishi. Nazungumzia pale juu, chini ya kichwa cha habari.

Tatizo la kumtaja mmoja kila mara ni kwamba waliobaki huwa "na wenzake". Maneno hayo mawili yamemeza watu wengi kuliko mamba wa ziwa lile. Kwa Kiingereza walipachikwa hata jina la kundi, genge la watafuta binadamu wa kale, kana kwamba ni wezi wa ng'ombe.

Mtaniuliza: basi wewe mbona majina ya wenzako huyaandiki? Nilikusudia kuyaandika. Nilikwenda kwa familia zao, moja baada ya nyingine, kuomba ruhusa. Wengi walikubali. Binti wa mmoja wao, mwalimu wa shule, alinitengea chai, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mzee, jina la baba halikuandikwa mahali pake, kwa nini liandikwe gazetini?" Nilitafuta jibu sikulipata. Mahali pake ni rejista. Kwa hiyo hapa nitawaeleza kwa kazi zao tu, na majina nitawapa mkononi.

Mpishi wetu alioka mkate ndani ya debe lililofukiwa kwenye makaa, mkate mweupe laini jangwani, na wageni walioshuka kwenye ndege wakidhani watakula biskuti walipiga picha mkate kabla ya kupiga picha mifupa. Jino moja la nyani wa kale tulilolitafuta wiki mbili kwa chekecheke alilipata yeye, akimwaga maji ya vyombo. Aliliweka kwenye kisahani akalileta mezani pamoja na sukari. Alikufa nyumbani kwake, ini limevimba, miaka miwili baada ya kuacha kazi. Dereva alikufa kwenye barabara ya Lodwar akielekea Kitale. Kwenye mfuko wa shati lake walikuta barua zetu za kupeleka nyumbani, na yangu ilifika kwa mke wangu ikiwa na doa ambalo hakuniambia mpaka niliporudi.

Yupo na Mturkana aliyetuonyesha korongo. Alikuwa mchungaji, kijana. Siku moja alikuja kambini kuuza mbuzi, akaona tulichoanika mezani, akasema vitu hivyo viko vingi mahali anaponyweshea. Tukamfuata saa tatu kwa miguu, na vilikuwepo kweli. Mradi uliishi miaka sita kutokana na korongo lile. Katika maandishi korongo lina jina, lina latitudo na longitudo, lina michoro ya tabaka za udongo kwa rangi. Yeye ni "mwenyeji". Malaria ilimchukua kabla hajafika miaka thelathini. Mama yake alikuja kambini kuuliza kama tuna picha yake. Tulikuwa na picha mamia za korongo. Tulizipekua zote, tukampata kwenye mbili, kwa mbali, ameshika fimbo ya kipimo ili ionekane ukubwa wa ukuta.

Sitawahesabia wote. Mmoja alikuwa mchekechaji hodari na mlevi hodari. Mwingine sikumpenda, na bado jina lake nimeliandika.

Kuna jambo huenda hamlijui, hata mliokaa nasi miaka. Kwetu Ukambani mfupa wa mtu si kitu cha kuguswa. Nilipopata kazi mara ya kwanza, mama yangu alitaka kujua ninakwenda kuchimba nini. Nikamwambia ni mawe. Aliponusa uongo alikataa nisiingie jikoni kwake mpaka nioge kwa maji aliyoyachanganya na majani fulani, na alifanya hivyo kila mwisho wa msimu hadi alipofariki. Kamoya mwenyewe alisimulia kwamba alipoitwa Olduvai mwaka 1960 alidhani kazi ni ya kuchimba makaburi. Kiswahili nacho kina mzaha wake: chombo tulichokabidhiwa kazini kinaitwa mwiko, na kazi yenyewe huko nyumbani ilikuwa mwiko. Watu walivunja kitu ndani yao ili nyinyi mpate kilichomo ardhini. Msidhani kilikuwa kibarua kama kupalilia mahindi.

Na mifupa mliitunza, nawapongeza. Mvulana wa Nariokotome yuko Nairobi, mahali salama. Mifupa tuliyoifunga sisi kwa karatasi laini na bandeji za plasta ilisafiri kwenye kiti cha mbele cha Land Rover, nasi tukapanda nyuma juu ya mapipa. Sikinung'unikii kiti. Lakini kaburi la yule wa nne lina msalaba wa mbao, na mara ya mwisho nilipopita mchwa walikuwa wamebakiza herufi tatu.

Ninachoomba si sanamu, wala siku ya kitaifa. Sitaki pia ile sentensi ya mwisho wa makala inayowashukuru "wafanyakazi wetu wa Kenya". Nawaomba mfungue rejista. Kila mfupa una safu ya mahali, tabaka, tarehe. Wekeni safu ya aliyeuona, jina lake na la baba yake, kama lilivyo kwenye kitambulisho, na mfanye hivyo kurudi nyuma mpaka mwanzo. Najua inawezekana kwa sababu daftari za kambi zipo na nyingi zina majina. Shida ni kwamba majina yenyewe ni ya kwanza tu, au herufi mbili pembeni ya ukurasa. Nani anajua leo kwamba ile "M.K." ya msimu fulani si "M.K." ya msimu mwingine? Sisi tunajua. Mwaka jana tuliokuwa tukijua tulikuwa watano. Sasa tuko wanne, na mmoja wetu ameanza kuniita kwa jina la kaka yake.

Mtasema mfupa hauonwi na mtu mmoja, ni kazi ya timu: kuna aliyechimba, aliyechekecha, aliyebeba maji ya kuchekechea. Hoja hiyo nimeisikia kwa miaka, na ajabu yake ni kwamba huletwa tu jina linapokuwa la kibarua. Kwenye kichwa cha makala haijawahi kuzuia mtu. Lakini naikubali. Basi andikeni msimu mzima, wote, hata mpishi. Mwaka 2015 zana za mawe za Lomekwi zilipotangazwa, za miaka milioni 3.3, Sammy Lokorodi na Christopher Kirwa waliandikwa miongoni mwa waandishi wa makala, pamoja na maprofesa. Karatasi haikupasuka.

Pili, jueni tunapokufa. Mkataba wetu ulikuwa unakwisha lori linapogeuka kurudi Nairobi, na kuanzia hapo mtu alikuwa mali ya nyumbani kwake mpaka msimu mwingine. Zamani mngeweza kusingizia posta. Sasa kila boma lina simu. Andikeni namba ya mke au ya mtoto, pigeni mara moja kwa mwaka. Siku ya msiba tumeni maneno mawili na chochote kwa M-Pesa, hata kidogo. Watu wanaoketi matangani hukumbuka nani alituma na nani hakutuma, na hukumbuka kwa vizazi.

Hapa na mimi nina deni langu. Dereva alipozikwa sikwenda. Msimu ulikuwa katikati, siku za kutohudhuria zilikatwa, na nilikuwa na karo ya kulipa. Na yule wa nne, miezi mitatu mizima ilipita kabla ya orodha ile kusomwa. Yeyote kati yetu angeweza kuandika barua kwa mradi. Hatukuandika. Tulidhani habari za kifo hutembea zenyewe, kama zinavyotembea kijijini. Kijana yule wa chuo angejuaje? Nimemlaumu miaka mingi kwa mstari wake wa kalamu, na kalamu yangu mwenyewe ilikuwa mfukoni.

Ndiyo maana nina daftari. Nililianza wiki ile ile kambini, nyuma ya karatasi za kuandikia hesabu za mifuko ya udongo, na baadaye nikanunua la jalada gumu. Lina majina 31 mpaka sasa, na kila jina lina msimu wake, kazi yake, na mifupa ninayokumbuka kwamba aliiona, ikiwemo mahali ilipokuwa kwa kadiri kichwa changu kinavyoweza kuchora. Mahali pengine nimekosea, najua. Mkimleta mtu mwenye daftari zenu za zamani na ramani zile zilizopigwa kutoka kwenye ndege, zile tulizokuwa tunazitoboa kwa sindano kuonyesha mfupa ulipopatikana, tutakaa mezani siku tatu au nne na mengi yatanyooka. Tobo la sindano nalikumbuka vizuri kuliko namba.

Daftari nimelifungia kwenye bati la biskuti kwa sababu ya mchwa. Sitalituma kwa posta wala kwa mtoto wa mtu, na picha za simu sizitaki, mje wenyewe. Njooni kabla ya mvua ya Novemba, maana baada ya hapo mto wetu hauvukiki kwa gari. Mkifika sokoni msisumbuke kuuliza jina langu, si wengi wanaolijua. Ulizeni nyumba ya mzee wa mifupa. Mtoto yeyote atawaleta.